Kapteni Owen kwa Shilingi 4,500: Tathmini ya Matembezi ya Mashua Mombasa

Wiki mbili zilizopita nililipa shilingi 4,500 kwa matembezi ya siku moja mjini Mombasa, kwa miguu na kwa mashua, yanayofuata maisha ya William Fitzwilliam Owen, afisa wa jeshi la majini la Uingereza ambaye kati ya mwaka 1822 na 1826 aliongoza upimaji wa pwani ya Afrika Mashariki. Nilifundisha jiografia kwa miaka thelathini na moja katika shule za Pwani, na kwa muda wote huo nilikuwa nikichora ubaoni kisiwa cha Mombasa na maji yanayokizunguka bila kuwaeleza wanafunzi ni nani aliyeyatia maji hayo majina ya kigeni. Nilipoliona tangazo la matembezi haya nilijiandikisha siku hiyo hiyo. Wenye huduma ni vijana wa Mji wa Kale ambao ndio kwanza wanaanza, na kwa kuwa nina ya kulaumu pamoja na ya kusifu, jina lao nitaliacha.

Nitoe hukumu yangu mapema ili asiye na muda asihangaike: nusu ya nchi kavu haifikii bei yake, na nusu ya baharini inaizidi.

Tulikusanyika saa moja na nusu asubuhi juu ya Ngazi za Leven, zile zinazoteremka kutoka Mji wa Kale hadi kwenye maji ya bandari ya zamani. Tulikuwa tisa, wengi wetu wakazi wa Mombasa, na jamaa wawili kutoka Tanga waliokuja kwa arusi wakapata siku ya kupumzika. Kiongozi wetu, kijana mwenye sauti safi na adabu nzuri, alitusalimu kila mmoja kwa heshima yake, akatupa chai ya tangawizi na mahamri, kisha akatugawia kijitabu cha kurasa nane. Mahali pa kuanzia pamechaguliwa vizuri. Leven lilikuwa jina la meli ya Owen, na wengi wetu tumepanda na kushuka ngazi zile tangu utotoni tukidhani ni jina la Mhindi au la Mzungu aliyekuwa na nyumba pale.

Upungufu wa kwanza umo katika kijitabu chenyewe. Kinamwanza Owen mwezi Februari 1824 akiteremka Mombasa, kana kwamba alizaliwa siku ile akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa na kofia ya ukapteni kichwani. Msomaji haambiwi kwamba alizaliwa Manchester mwaka 1774, mtoto wa nje ya ndoa wa kapteni wa jeshi la majini, na kwamba baba huyo alifariki India mwaka 1778, mtoto akiwa bado mdogo wa kulelewa na watu baki. Mwaka 1788, akiwa na miaka kumi na mitatu, alipelekwa melini chini ya Sir Thomas Rich, afisa aliyekuwa rafiki wa baba yake, na kuanzia hapo bahari ikawa ndiyo shule na ndiyo nyumba. Mwaka 1794 alikuwamo katika pigano kubwa la Juni Mosi dhidi ya Wafaransa. Alikuwa kijana mkaidi asiyewaonea haya wakubwa wake, na tabia hiyo, kama nitakavyoeleza, ndiyo iliyokuja kuigusa Mombasa.

Kijitabu hakisemi pia kwamba Bahari ya Hindi aliijua miaka mingi kabla ya kuja kwetu. Akiwa na chombo kidogo kilichoitwa Seaflower alizunguka Maldivi na visiwa vya upande wa Sumatra, na mwaka 1806 alipata njia ya meli kati ya visiwa huko ambayo hadi leo inaitwa kwa jina la chombo hicho. Mwaka 1808 Wafaransa walimkamata na kumfunga Mauritius, kisiwa kilichokuwa bado mikononi mwao. Huko alimkuta Matthew Flinders, mpimaji wa pwani za Australia, aliyekuwa kizuizini tangu mwaka 1803. Mimi ningetoa ukurasa mzima kwa jambo hili, kwa sababu si mara nyingi kisiwa kimoja kuwaweka kizuizini wakati mmoja watu wawili ambao ramani zao zitatumiwa na mabaharia baada ya vizazi kadhaa. Owen aliachiwa mwaka 1810, akapewa cheo cha kapteni mwaka 1811, na vita vilipokwisha akapelekwa Canada kupima maziwa makuu pamoja na kijana Henry Bayfield, ambaye naye alikuja kuwa mpimaji mashuhuri. Kwa hiyo mtu aliyetumwa Afrika alikuwa fundi wa kazi yake. Hakuwa askari aliyepotea njia akaiona Mombasa.

Kutoka ngazini tulitembea kwa vichochoro hadi Fort Jesus, na hapo, mbele ya lango, kiongozi wetu alijikwaa vibaya. Alisema kwamba Owen aliiteka Mombasa kwa mizinga, na kwamba bendera ya Uingereza ilipepea ngomeni tangu siku hiyo hadi uhuru. Nilisubiri amalize, nikamwita pembeni nisimvunjie heshima mbele ya wageni. Alinisikiliza kwa uungwana, akasema, "Mwalimu, hayo ndiyo niliyokaririshwa." Sina ugomvi naye. Nina ugomvi na aliyemkaririsha, kwa kuwa kisa chenyewe kama kilivyotokea kinapendeza kuliko hicho cha kubuni, na hakihitaji mzinga hata mmoja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1820 Mombasa ilikuwa chini ya Mazrui, ambao asili yao ni Oman lakini walikuwa wamekwisha kuwa watu wa mji na hawakutaka kumtii Sayyid Said bin Sultan wa Maskati. Sayyid Said alikuwa amewanyang'anya Pemba, ghala lao la chakula, na vyombo vyake vilikuwa vikiizingira bandari. Huu ndio wakati wa Muyaka bin Haji, na asomaye mashairi yake ya majibizano anaweza kusikia namna mji ulivyokuwa umejaa wasiwasi na majigambo kwa pamoja. Mwezi Desemba 1823 meli ya pili ya Owen, Barracouta, ikiwa chini ya Alexander Vidal, iliingia Mombasa kupima bandari, na wakubwa wa mji wakamwomba Vidal awape ulinzi wa Uingereza. Vidal alikataa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupima maji na hakuwa na amri ya kugawa bendera.

Owen mwenyewe wakati huo alikuwa Maskati, akizungumza na Sayyid Said. Alikuwa mtu wa dini sana, na alikuwa ameona kwa macho yake biashara ya watumwa katika bandari za Msumbiji. Mkataba uliotiwa saini mwaka 1822 kati ya Uingereza na Sayyid Said ulikataza tu kuwauzia Wakristo watumwa, na kwa Owen huo ulikuwa ni kuziba tundu moja la pakacha lenye matundu kumi. Akamweleza Sayyid waziwazi kwamba Mombasa wakiomba tena, yeye atawakubalia. Kisha akashuka na kaskazi, kama majahazi yote ya Ghuba yanavyoshuka msimu ule, na tarehe 7 Februari 1824 akafika Mombasa na kukuta bendera ya Uingereza imekwisha pandishwa juu ya ngome. Wenye mji walikuwa wameishona wenyewe.

Kwa maoni yangu hicho ndicho kisa ambacho kiongozi angepaswa kukisimulia pale langoni, akionyesha kwa kidole mahali bendera ilipopepea. Wakubwa wa Mombasa walikuwa na hesabu yao: walijua vyombo vya Sayyid Said havitathubutu kupiga bendera ile, basi wakatafuta kitambaa na sindano. Nguvu za Waingereza waliziazima kabla Mwingereza mwenyewe hajakubali. Liwali Suleiman bin Ali na wazee wake wakakubaliana na Owen kwamba Uingereza itawarudishia mali zao, Pemba ikiwemo, kwamba utawala utabaki katika ukoo wa Mazrui, kwamba mjumbe wa Uingereza atakaa mjini, kwamba ushuru wa forodha utagawanywa nusu kwa nusu, na kwamba biashara ya watumwa itakoma Mombasa. Owen akasaini bila idhini ya serikali yake, akamwacha luteni mmoja kijana pamoja na watu wachache mno, akang'oa nanga kwenda kuendelea na vipimo.

Wakubwa wa Waingereza wa London na wa Bombay kule India hawakufurahi. Sayyid Said alikuwa rafiki wao katika Ghuba, walimhitaji dhidi ya maadui wengine, na hawakuona sababu ya kumuudhi kwa ajili ya bandari moja ya Afrika. Mnamo Julai 1826 wajumbe waliondolewa na bendera ikashushwa, baada ya miaka miwili na nusu hivi. Pemba haikurudi kwa Mazrui. Sayyid Said alishambulia tena na tena, hatimaye mwaka 1837 akaupata mji, na wakubwa wa Mazrui wakapelekwa kifungoni Bandar Abbas. Himaya ambayo kijana wetu alikuwa akiifikiria ni ile ya mwaka 1895, miaka sabini na moja baada ya Owen, na haina uhusiano na kipande cha karatasi alichokisaini yeye. Wenye huduma wakitaka kusahihisha jambo moja tu katika kijitabu chao, na wasahihishe hili.

Saa nne kasoro tukashuka majini, na siku ikabadilika.

Mashua ni ya mbao, ya mashini, yenye turubai la kivuli, na inaendeshwa na nahodha wa makamo ambaye vijana wote wanamwita Ami. Maboya ya kujiokolea yalikuwapo kwa kila mtu, ila mawili kati yake yalikuwa yamekatika mikanda, na mmoja wa jamaa wa Tanga ilimbidi afunge lake kwa kipande cha kamba. Jambo hilo si dogo, maana tulitoka nje ya mlango wa bandari katika mwezi wa kaskazi, na ingawa bahari ilikuwa na adabu siku ile, bahari haitoi ahadi. Baada ya hapo sina lawama tena kwa muda mrefu.

Tulipita chini ya ngome, ambayo ukiiona kutoka majini unaelewa mara moja kwa nini Wareno waliijenga pale katika miaka ya 1590 na si mahali pengine. Tulipokaribia mlango, Ami alipunguza mwendo na kutuonyesha mawimbi yakivunjika upande wa kaskazini, akasema huo ndio Mwamba wa Leven, kisha akageuza kidole kusini kuonyesha Mwamba wa Andromache. Majina yote mawili ni ya manowari za Uingereza za miaka ile ya 1820, na bado yamo katika ramani ambazo marubani wa bandari wanazitumia kuingizia meli za makontena. Hakuna sanamu ya Owen mjini Mombasa, wala simwombei. Lakini miamba miwili inayolinda mlango wa bandari kubwa kuliko zote za Kenya imebakia na majina ya safari zile.

Kisha Ami akatoa bildi.

Kwa wasomaji wa bara, bildi ni kipande cha risasi kizito kilichofungwa kwenye kamba yenye alama, ambacho baharia hukitupa majini ili ajue kina. Kamba huhesabiwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kama mita 1.83. Chini ya ile risasi pana shimo dogo ambalo zamani lilijazwa mafuta ya mnyama yaliyoganda, ili yanase mchanga, tope au vipande vya matumbawe na kumjulisha nahodha sakafu ya bahari ni ya namna gani na nanga itashika au haitashika. Ami hutumia sabuni ya mche. Kila abiria alipewa zamu yake. Yangu ilifika chini kwa pima saba, na ilipopanda ilikuwa na mchanga mweupe na kipande cha gamba kilichokwama kwenye sabuni. Nimewaeleza wanafunzi habari ya vipimo vya kina kwa miongo mitatu, na ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kukishika kipimo chenyewe kikiwa kinachuruzika maji.

Baada ya zamu zetu kiongozi alituuliza ingechukua muda gani kupima hivyo mlango wote wa bandari, halafu kijito cha Tudor, halafu Kilindini, halafu pwani nzima. Hapo ndipo alipojirudishia heshima yote aliyoipoteza langoni, kwa kuwa sehemu hii ameielewa barabara. Alieleza jinsi mashua za meli zilivyoshushwa asubuhi na kwenda mstari kwa mstari, mtu mmoja akitupa bildi na kupaza sauti, mwingine akiandika, na wa tatu akipima kwa sekstanti pembe kati ya alama za nchi kavu, kama vile mnara, mbuyu au kona ya ngome, ili kila kina kiwe na mahali pake kwenye karatasi. Alieleza pia kwamba pasipokuwa na ufuo wa kunyoosha mnyororo, umbali ulipimwa kwa sauti: chombo kimoja kinapiga mzinga, kingine kinahesabu sekunde tangu moshi uonekane hadi mlio usikike, na kila sekunde ni mita 340 hivi. Kwa hiyo mizinga ya Owen ililia kweli katika pwani hii, kwa kazi ya upimaji.

Kuhusu longitudo alikuwa mfupi kupita kiasi, nami nitaongeza kidogo. Longitudo hutafutwa kwa kulinganisha saa ya mahali ulipo na saa ya mahali panapojulikana. Saa moja ni nyuzi kumi na tano, na katika latitudo yetu karibu na ikweta, kosa la sekunde nne tu linakusogeza kwenye ramani kwa takriban kilomita 1.85, ambayo inatosha kuuweka mwamba mahali penye maji na kuyaweka maji mahali penye mwamba. Kronomita, zile saa za baharini, zilitunzwa kama mayai. Ukilifahamu hilo unaona kwa nini kazi ya Owen ilihitaji mtu mkali asiyetosheka, na kwa nini mtu wa namna hiyo angeweza pia kusaini mkataba na mji mzima bila kuuliza mtu.

Jambo ambalo nililitarajia na sikulisikia ni kwamba Owen hakuwa wa kwanza kuujua mlango wa Mombasa. Manahodha wetu walikuwa wakiuingia usiku na mchana karne nyingi kabla yake, wakiongozwa na nyota, rangi ya maji na kumbukumbu. Nilimwambia Ami hivyo, akacheka, akasema baba yake aliingia kwa kutazama minazi, na shida ilianza ilipokatwa.

Tulizunguka Ras Serani tukaingia upande wa Likoni, tukapishana na feri iliyosheheni watu kama kawaida yake, tukaendelea hadi maji yalipopanuka mbele yetu katika ghuba ya Port Reitz. Mikoko pande zote mbili, mitambo ya bandari nyuma, ndege zikishuka kuelekea uwanja wa Moi. Hapa mashini ilizimwa na chakula kikatolewa: samaki wa kupaka, wali wa nazi, kachumbari na madafu. Kilikuwa chakula cha nyumbani, kimepikwa na mtu anayejua, na kilikuwa kingi.

Tukiwa tunakula, kiongozi alituuliza Reitz alikuwa nani. Hakuna aliyejua, ingawa jina hilo limo midomoni mwa makondakta wa matatu kila siku. John James Reitz ndiye yule luteni kijana aliyeachwa na Owen Februari 1824 awe mwakilishi wa Uingereza Mombasa. Mwezi Mei mwaka huo huo alisafiri kwenda upande wa Pangani, akashikwa na homa, akafa. Alitawala, kama neno hilo lafaa, kwa miezi minne hivi. Baada yake alishika nafasi kijana mwingine kwa muda mfupi, kisha Luteni James Emery, aliyekaa hadi bendera iliposhushwa.

Homa ndiyo habari kubwa ya safari ile, na nafurahi kwamba wenye huduma hawakuiruka. Mwishoni mwa mwaka 1822, katika ghuba ya Delagoa ambako leo upo mji wa Maputo, mashua za Owen zilipanda mito kupima, mabaharia wakilala kwenye matope na mbu, na waliporudi melini walianza kufa mmoja baada ya mwingine. Nahodha wa kwanza wa Barracouta alikuwa miongoni mwao, na ndipo Vidal akachukua nafasi yake. Waganga wa wakati ule waliamini homa inatokana na hewa mbaya ya vinamasi, na dawa yao kuu ilikuwa kumtoa mgonjwa damu. Kwamba malaria huenezwa na mbu lilikuja kuthibitishwa mwaka 1897. Owen aliporudi Uingereza mwaka 1826 alikuwa na ramani mpya zipatazo 300, na zaidi ya nusu ya watu alioanza nao walikuwa wamekufa kwa maradhi. Kiongozi alitaja hesabu hizo mbili kwa pamoja, akanyamaza, akatuachia tutazame mikoko. Kwa mtu wa umri wake, kujua wakati wa kunyamaza ni kipaji.

Sehemu ya mwisho ya maisha ya Owen waliiachia njia ya kurudi, na hapa pia mpangilio ni mzuri, kwa sababu sehemu hii haina mahali pa kuonyeshwa Mombasa na inahitaji msikilizaji aliyeshiba. Mwaka 1827 alitumwa kisiwa cha Fernando Po, ng'ambo nyingine ya Afrika, kuanzisha makazi ya kusaidia kuzuia meli za watumwa. Mji aliouanzisha ndio Malabo ya leo. Kisha mwaka 1835 akaenda kuishi Campobello, kisiwa kidogo cha New Brunswick nchini Canada ambacho baba yake aliyemwacha yatima alikuwa amekishughulikia tangu mwaka 1770. Aliendelea kupima, safari hii ghuba ya Fundy yenye maji kujaa na kupwa makubwa kuliko mahali pengine popote duniani, akapanda hadi cheo cha makamu admirali mwaka 1854, na akafariki mwaka 1857 akiwa na miaka themanini na mitatu. Masimulizi ya kisiwani humo yanasema kwamba uzeeni alijijengea jukwaa la mbao ufuoni, mfano wa sitaha ya meli, akawa akitembea juu yake akiwa amevaa mavazi rasmi ya jeshi la majini, kwenda na kurudi. Mama mmoja aliyekaa omo, yaani mbele ya mashua, aliuliza kama mzee yule aliwahi kuikumbuka Mombasa. Kiongozi alijibu kwa busara kwamba hawezi kumsemea.

Tulitia nanga saa nane na robo, robo saa tu baada ya muda uliotangazwa.

Sasa nirudi kwenye bei. Shilingi 4,500 kwa kichwa, pamoja na chai, chakula na mashua ya karibu saa nne na nusu, si ghali kwa Mombasa ya leo, ila tikiti ya kuingia ndani ya ngome haimo, na tangazo halisemi hivyo. Walionuia kuingia walilazimika kutoa pesa mfukoni au kubaki nje, na watatu walibaki. Tangazo linasema pia kwamba matembezi hufanywa kwa Kiswahili na Kiingereza. Siku yetu yalikuwa Kiswahili kitupu, tena kizuri, jambo ambalo mimi silihesabu kuwa kasoro, lakini mgeni anaweza kulihesabu. Wenye magoti mabovu wajue kwamba ngazi za mwanzo zinateleza maji yakiwa yametoka kupwa. Kofia ni lazima, kwani turubai halifiki tezi, yaani nyuma ya mashua, na viti vya tezi ndivyo vyenye mandhari nzuri.

Nimewaandikia wenye huduma barua ya kurasa mbili, yenye marekebisho ya kijitabu na ombi kwamba maboya yashonwe kabla ya safari nyingine. Walinijibu siku ya pili, wakaniomba niwasaidie kuandika upya ukurasa unaohusu ngome, nami nimekubali bila malipo. Kwa hiyo msomaji anayepanga kwenda mwezi ujao huenda akakuta kijana yule anasimulia habari ya bendera iliyoshonwa badala ya mizinga.

Mimi nitarudi nao siku ya maji mafu, wakati mkondo hauvuti sana na bildi inashuka wima. Ami ameahidi kutafuta kamba nyingine, kwa sababu ile aliyonayo ina pima kumi na tano tu, na tulipoijaribu katikati ya Kilindini iliisha yote mkononi mwangu, na risasi ikawa bado inaning'inia.